Mpira, Sahani na Kutu ya Mwili

Mwezi huu nataka tuongee jambo lililoleta maneno mengi kwenye zone yetu: afya ya vijana wanaocheza mpira na wale wasiocheza. Nani kati yao ana mwili mzuri? Na chakula chetu hiki cha posho, kinamtosha mchezaji?

Nianze na yaliyotokea. Jumapili moja timu ya vijana wetu ilikuwa inacheza. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza kama robo saa hivi, jua kali, kijana mmoja wa katikati akainama, akashika magoti, halafu akalala chini. Hakuguswa na mtu. Tulimbeba hadi kivulini, tukampa maji yenye sukari kidogo kidogo, akafungua macho vizuri. Mama yake alifika mbio, kitenge mkononi.

"Mwalimu, ule mupira unanimalizia mtoto! Tazama mwenzake wa jirani, hachezi kitu, na mwili anao. Huyu wangu amebaki mifupa."

Sikuwa na jibu. Mama alipokwenda kutafuta mtu wa baiskeli, kijana akaninong'oneza ukweli. Tangu ugali wa jana jioni alikuwa hajala, alikunywa chai ya rangi tu asubuhi. Na maharage yake? Aliyauza siku ya mgao. Pesa alimpa mtu mmoja anayepitapita na mfuko, akamuuzia vidonge vya vitamini na chupa ya dawa ya nguvu. Akaniuliza, "Mwalimu, si wachezaji wakubwa wanatumia vidonge?"

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa kujitolea, nimesoma hadi sekondari, si daktari. Lakini huyu ni mwanafunzi wangu. Nikaenda kwa muuguzi mmoja, nikauliza, nikaazima vitabu, tukasoma pamoja na kutafuta kwenye simu. Niliyoyapata ndiyo haya.

MWEMBAMBA SI LAZIMA MGONJWA

Tuanze na lile la mama: "amebaki mifupa." Sisi kambini tumezoea kupima afya kwa macho. Mnene, tunasema anakula vizuri. Mwembamba, tunasema ana shida. Tuna sababu. Wengi wetu tumeona watoto wakipimwa mkono kwa ule utepe wa rangi, na tunajua rangi nyekundu maana yake nini. Mtoto ambaye mkono wake haufiki sentimita 11.5 anahitaji matibabu ya haraka. Lakini utepe ule, kwa vipimo vile, ni wa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Kijana wa miaka kumi na saba hatumpimi hivyo, na kwa macho tu pia hatumpimi.

Chukua mfano. Vijana wawili, wote watu wazima wa miaka 20. Kila mmoja ana urefu wa sentimita 170 na uzito wa kilo 68. Ukitumia hesabu ya zahanati, yaani uzito ugawanywe kwa urefu mara urefu, wote wanapata 23.5. Wote wako sawa, kwa sababu kipimo kizuri cha mtu mzima ni kuanzia 18.5 hadi chini ya 25. Sasa fungua ndani. Wa kwanza anacheza mpira kila wiki, mwilini ana kilo 7 za mafuta. Wa pili hachezi, ana kilo 17 za mafuta. Mizani inasema ni mapacha, lakini miili ni miwili tofauti kabisa.

Sababu ni kwamba misuli ni mizito kuliko mafuta. Lita moja ya misuli ina uzito wa kama kilo 1.06, na lita moja ya mafuta kama kilo 0.9. Kwa hiyo mwenye misuli anaonekana mwembamba kuliko uzito wake. Vitabu vya mazoezi vinasema mwanamume mwanamichezo mara nyingi ana mafuta 6 hadi 13 katika kila sehemu 100 za uzito wake, na mwanamume wa kawaida 18 hadi 24. Mwanamke mwanamichezo 14 hadi 20, na wa kawaida 25 hadi 31. Mwanamke ameumbwa kuwa na mafuta zaidi, maana mwili wake unajiandaa kubeba mimba na kunyonyesha. Hilo si kasoro.

Kwa hiyo, mama, mwembamba anaweza kuwa mzima kabisa. Lakini kuna wembamba wa aina mbili, na hapa ndipo tuwe macho. Wembamba wa mazoezi unakuja na nguvu: kijana anakimbia, analala vizuri, darasani yuko macho, kidonda chake kinapona. Wembamba wa njaa unakuja na uchovu: anasinzia, anakasirika ovyo, anaugua kila mara, anazidi kupungua, nguvu zinashuka badala ya kupanda. Ukiona huu wa pili, usimfokee wala usilaumu mpira kwanza. Muulize amekula nini, na mpeleke zahanati akapimwe.

KUTU YA MWILI NI NINI?

Sasa tuingie kwenye jambo ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Mafuta ya mawese ukiyaacha wazi juani siku nyingi, yanachacha, yananuka. Msumari ukiuacha nje, unashika kutu. Mwizi ni mmoja: oksijeni, ile hewa tunayovuta ili tuishi.

Ndani ya mwili oksijeni inachoma chakula ili tupate nguvu, kama moto unavyochoma kuni. Moto wowote unarusha cheche. Cheche za mwili wataalamu wanaziita chembe huru. Chembe hizi zikiwa chache hazina neno. Zikizidi walinzi wa mwili, zinaanza kuharibu mafuta, protini na hata mbegu ya urithi ndani ya chembe hai zetu. Hali hiyo ya cheche kuzidi walinzi ndiyo naiita kutu ya mwili. Ikikaa miaka mingi, inahusishwa na magonjwa ya moyo, kisukari na kuzeeka mapema. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman ndiye aliyeandika kwamba huenda chembe hizi ndizo zinazotuzeesha.

Walinzi wako wa aina mbili. Wa kwanza tunawala: vitamini C, vitamini E, na rangi za mimea kama ile rangi ya machungwa iliyo kwenye embe, papai na mawese. Wa pili mwili unawatengeneza wenyewe, na hao ndio askari wakubwa. Lakini mwili hautengenezi askari kwa upepo. Unahitaji protini na madini: shaba, zinki, manganizi, seleniamu, chuma. Hayo yote yanatoka kwenye maharage, karanga, dagaa, nyama, mayai na mboga. Yaani yule kijana alipouza maharage yake, aliuza askari wake.

ANAYECHEZA NA ASIYECHEZA

Hapa kuna fumbo. Mtu akikimbia kwa nguvu, mwili wake unatumia oksijeni mara 10 au zaidi kuliko akiwa amekaa. Moto mkubwa, cheche nyingi. Sasa ingekuwa hivyo tu, wachezaji wangeoza kwa kutu na wavivu wangeishi salama. Mbona haiko hivyo?

Jibu ni kwamba mwili unajifunza. Cheche za mazoezi ni kama mwalimu anayetoa zoezi gumu kidogo kila siku. Mwili ukiona moto umezidi, unaongeza askari. Anayefanya mazoezi mara kwa mara, miezi na miezi, anakuwa na walinzi wengi hata akiwa amepumzika. Siku ya mechi cheche zinapanda, lakini zinashuka haraka.

Asiyecheza hana maandalizi hayo. Siku ukimwita ghafla acheze dakika 90, kesho yake hawezi hata kuchuchumaa chooni. Misuli imeumia, askari walikuwa wachache. Na kama amekaa tu miaka mingi hadi tumbo limejaa mafuta, yale mafuta ya ndani ya tumbo nayo yanaleta kutu ya polepole, bila hata kukimbia. Hili nawaambia hasa sisi watu wazima tunaokaa barazani kutwa nzima tukisubiri habari.

Lakini yuko wa tatu, na ndiye aliyenikosesha usingizi. Ni mchezaji asiyekula. Huyu ana moto mkubwa wa mchezaji, na ana askari wachache wa mwenye njaa. Hasara zote mbili ziko kwake. Mwili ukikosa chakula unakula misuli yake wenyewe. Ndiye aliyelala pale uwanjani Jumapili.

Tufanye hesabu kidogo. Posho kamili ya dharura hupangwa kwa wastani wa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Mechi ya dakika 90 inaweza kuchoma kilokalori 700 hadi 1,000 kwa kijana. Yaani theluthi moja hadi karibu nusu ya chakula cha siku, kwa mchezo mmoja. Na sote tunajua posho haiji kamili kila mwezi. Ndiyo maana nasema: siku ya njaa kali, kocha, punguza mazoezi. Kucheza nusu saa ukiwa umekula ni bora kuliko mechi nzima ukiwa na chai ya rangi.

NA VILE VIDONGE VYA NGUVU?

Mwaka 2009 wataalamu walitoa matokeo ya jaribio lililofanyika Ujerumani. Walichukua vijana wanaume kama 40, karibu nusu wamezoea mazoezi, wengine hawajazoea. Wote walifanya mazoezi wiki nne. Baadhi walipewa kila siku vidonge vya vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400. Wengine hawakupewa vitamini hizo.

Utadhani wenye vidonge ndio walifaidika. Hapana. Wale wasiopewa ndio ambao miili yao iliongeza askari, na ikatumia sukari vizuri zaidi. Wenye vidonge faida hizo hawakuzipata. Kwa nini? Kwa sababu vidonge vingi vilizima cheche mapema mno, mwili ukadhani hakuna moto, haukufundisha askari. Ni kama mzazi anayemfanyia mtoto hesabu zote za nyumbani: daftari lina alama nzuri, kichwani hakuna kitu.

Vitamini za kwenye chakula haziji kwa mafuriko hivyo. Zinakuja kidogo kidogo, pamoja na protini, madini na vitu vingine. Kwa hiyo kijana wangu alipoteza mara mbili: alitoa chakula kinachojenga, akapokea kidonge ambacho hakikumsaidia. Na ile chupa, hata muuguzi hakuweza kuniambia ndani yake mna nini, maana karatasi yake ilikuwa imebanduka.

Tafadhali tusichanganye mambo. Vidonge vya chuma vya mama mjamzito, vitamini A ya watoto, na dawa yoyote uliyopewa na zahanati, hivyo ni vya kumeza kama ulivyoambiwa. Mimi nasema vya mfukoni mwa mpita njia.

UGALI UNATOSHA?

Vijana wengi wananiambia, "Mwalimu, sisi tunakula ugali tu, ndiyo maana hatuwezi kuwa wachezaji." Si kweli. Mwaka 2004 watafiti walichapisha habari za chakula cha wakimbiaji kumi hodari wa Kenya. Wakimbiaji hao walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kwenye vyakula vya wanga, na ugali ulikuwa mkubwa kati yao, pamoja na chai ya maziwa yenye sukari, mboga, maharage, wali na viazi. Nyama ilikuwa kidogo. Sehemu kubwa ya chakula chao ilitoka kwenye mimea. Walikula kama kilokalori 3,000 kwa siku.

Kwa hiyo ugali si adui. Tofauti yetu na wao ni kiasi, na kile kinachokaa pembeni ya ugali. Muuguzi alinionyesha kipimo rahisi ambacho kinatumika duniani kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, na mimi naona familia nzima tunaweza kujitazama nacho. Hesabu jana ulikula makundi mangapi katika haya kumi:

1. Nafaka, muhogo, viazi, ndizi za kupika
2. Maharage, njegere, kunde
3. Karanga, ufuta, mbegu za maboga
4. Maziwa
5. Nyama, kuku, samaki, dagaa
6. Mayai
7. Majani ya kijani: sombe, matembele, lengalenga, majani ya maboga
8. Vya rangi ya machungwa: papai, embe bivu, karoti, boga, viazi vitamu vya njano
9. Mboga nyingine: nyanya, vitunguu, bilinganya, bamia
10. Matunda mengine: mapera, ndizi mbivu, machungwa, parachichi

Kijiko kimoja cha kuonjeshea hakihesabiwi, wala sukari, wala chai. Mwanamke akifika matano au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba anapata vitamini na madini anayohitaji. Nilijaribu mwenyewe. Nilipata matatu. Mwalimu mzima!

TUFANYE NINI NA KIDOGO TULICHONACHO

Sitawaambia mnunue nyama kila siku, nitakuwa nawadanganya. Nasema yale yanayowezekana hapa kwetu Kigoma.

Ugali na maharage vile pamoja. Protini ya mahindi ina upungufu ambao maharage yanaujaza, na ya maharage inajazwa na mahindi. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale. Yanaiva upesi na kuni zinabaki.

Panda majani. Gunia moja la udongo mlangoni linatosha lengalenga na matembele ya jikoni. Sombe ni chakula kikubwa, ila litwange vizuri na ulichemshe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, maana majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mawese yetu mekundu yana ile rangi ya machungwa na vitamini E. Lakini mama akiyachoma jikoni hadi yageuke meupe, rangi imekufa na faida yake imekwenda nayo. Weka kidogo, na usiyaunguze. Yafunike, yasikae juani.

Msimu wa mapera usipite hivi hivi. Pera lina vitamini C mara tatu na zaidi kuliko chungwa la uzito sawa. Ukila pera au nyanya mbichi pamoja na maharage, chuma cha maharage kinaingia mwilini vizuri. Chai ya rangi inafanya kinyume, inakizuia. Basi chai isubiri kama saa moja baada ya kula.

Ngumi moja ya karanga au ndagala wadogo waliosagwa kwenye mboga, ni kitu kidogo lakini kina kazi. Kijana apate chakula kidogo saa mbili au tatu kabla ya mechi, hata uji. Anywe maji kabla, katikati na baada. Akimaliza kucheza asikae njaa hadi usiku.

NENO KWA MABINTI NA MAMA ZAO

Siku hizi mabinti nao wanacheza, na mimi nafurahi. Lakini msichana anayecheza sana na kula kidogo anaweza kukosa siku zake za mwezi. Wengine wanaona ni nafuu, hasa pale taulo zinapokosekana. Si nafuu. Ni mwili unazima taa kwa kukosa mafuta, na mifupa inadhoofika kimyakimya. Akikosa miezi mitatu mfululizo, aende zahanati bila aibu. Na wazazi tusimtukane kwanza kwamba ana mimba. Tumpeleke, tusikilize.

Pia katika nyumba nyingi wavulana wanapakuliwa kwanza na mabinti wanakula kilichobaki kwenye sufuria. Binti anapoteza damu kila mwezi, anahitaji chuma zaidi ya kaka yake. Hilo tulifikirie tunaposhika mwiko.

KUMALIZIA

Najua nyumba nyingi zinauza sehemu ya posho, kwa ajili ya sabuni, chumvi, daftari, au kusaga mahindi. Simlaumu mtu. Shida ina mahesabu yake. Ninachoomba ni kimoja: kama ni lazima kuuza, maharage na mafuta yawe ya mwisho kabisa, na yasiuzwe kwa ajili ya chupa isiyo na jina.

Yule kijana amerudi uwanjani. Kocha alimwambia apumzike, naye akatumia siku hizo kujaza udongo kwenye gunia nyuma ya nyumba yao. Juzi nilipita pale, mama yake alikuwa anachuma lengalenga. Aliponiona alicheka.

"Mwalimu, bado ni mwembamba tu, huyu."

"Lakini anakula, mama?"

"Anakula! Anamaliza hata ya mdogo wake. Sasa nitaomba gunia la pili."

Basi wasomaji, kazi ya nyumbani ya mwezi huu ni hii: leo jioni kaeni na watoto, hesabuni makundi mliyokula jana, na mwandike namba kwenye karatasi. Mwezi ujao mhesabu tena. Ikiwa imepanda hata kwa moja, mmeshinda mechi.

Tuonane toleo lijalo.

Mwalimu wenu wa kujitolea